Kuchagua na kufunga spea za njia ya hewa kwenye lori la dizeli, kuanzia eya klina mpaka manifodi

Lori likianza kuchoka pale mlima Kitonga kitu cha kwanza watu wanachokimbilia ni pampu na nozeli, pampu inashushwa inapelekwa kupimwa, hela inatoka, gari linarudi barabarani na bado linapanda kwa gia ileile na moshi mweusi nyuma kama lilivyokuwa. Nimeliona hili mara nyingi sana na linaniuma kwa sababu dizeli ilikuwepo ya kutosha muda wote, kilichokosekana ni hewa. Na kuna jambo la pili baya zaidi ya kukosa nguvu, ni vumbi kupita likaingia kwenye injini, hilo halikupi onyo mpaka siku unaambiwa injini ishushwe.

Kwanza tuelewane ni hewa kiasi gani tunaongelea. Lita moja ya dizeli ili iungue yote inahitaji kama lita 10,000 za hewa, na hapo ni kwa uchache kabisa maana injini yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini, inavuta zaidi ya hapo. Sasa chukua semi yenye mzigo kutoka Dar mpaka Tunduma, kilomita 930 hivi, tuseme imekula lita 400 za mafuta. Hiyo hewa ni zaidi ya lita milioni 4 kwa safari moja ya kwenda tu, yote imepita kwenye lile karatasi la eya klina, yaani filta ya hewa. Bado hujavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo kwenda Kolwezi kwenye barabara za migodini ambako ukipishana na lori lingine huoni hata boneti ya mwenzio.

Pande mbili, na upande unaoua injini

Ukitaka kuelewa njia ya hewa igawe mara mbili. Kuna upande wa kunyonya, unaanzia kwenye lile bomba refu nyuma ya kebini, unaingia kwenye boksi la eya klina, filta kubwa, filta ndogo ya ndani, halafu hozi mpaka mdomo wa turbo. Na kuna upande wa kusukuma, kuanzia turbo, bomba la moto, intakula (inayopoza hewa iliyotoka turbo), bomba la baridi, manifodi (inayogawa hewa kwenye silinda).

Upande wa kusukuma ukitoboka utajua tu. Hewa inatoka nje kwa presha, gari linapiga mluzi au linapumua "fsss" ukikanyaga mafuta, nguvu inashuka, moshi mweusi, dereva anapiga simu. Upande wa kunyonya ukitoboka baada ya filta hakuna kelele, gari lina nguvu vizuri tu, kwa kweli linaweza hata kuonekana jepesi kwa sababu linavuta hewa kwa njia ya mkato, na hewa hiyo imebeba mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha laina, yaani ukuta wa silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka. Ukichanganyika na oili unakuwa kama msasa kati ya ringi na laina.

Kuna lori moja la Howo 371 nililokuwa nalisimamia, eya klina ilikuwa mpya, nzuri, imenunuliwa kwa bei ya juu kabisa. Lakini hozi ya kutoka kwenye boksi kwenda turbo ilikuwa na mpasuko kwa chini, pale kwenye kunjo, urefu wa kidole hivi, ukisimama juu huuoni. Siku tunakuja kuifungua kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu ndani ya hozi umenyooka mpaka mdomo wa turbo, mwembamba, kama njia ya sisimizi. Ncha za bapa za turbo zilikuwa zimelika zimekuwa za mviringo. Kufikia hapo gari lilikuwa linakula oili, briza, tundu la kupumulia injini, inatoa moshi kama sigara, kilichofuata ni laina, pistoni, ringi na turbo. Yote kwa kipande cha mpira. Tangu siku hiyo mimi naanza na mipira na klampu, karatasi linafuata baadaye.

Chunguza kabla hujaenda dukani

Zima injini, acha ipoe. Kama kebini inalazwa basi ilaze mpaka mwisho na uweke kile chuma cha kuzuia, usiamini haidroliki peke yake, watu wamebanwa.

Angalia indiketa ya eya klina, kile kidude cha plastiki chenye kioo kwenye boksi au kwenye bomba. Ikiwa nyekundu maana yake filta imebana, na kwenye injini nyingi za turbo kikomo ni inchi 25 za maji, kama kilopaskali 6.2. Kama kidude kimekufa au kimeng'olewa na tundu likazibwa kwa gundi, andika kwenye orodha ya kununua, ni cha bei ndogo na ndicho kitakachokuambia ukweli.

Kisha kitambaa cheupe. Legeza klampu ya hozi pale mdomoni mwa turbo, vua hozi, pitisha kitambaa ndani yake. Kikitoka na oili nyepesi kidogo si tatizo, hasa kama briza imeunganishwa hapo. Kikitoka na vumbi kavu, hata kidogo tu, una uvujaji na usifunge kitu kipya mpaka umepata ulipo. Hozi yenyewe ikague gizani: ingiza tochi ya simu ndani, ziba pembeni, ikunje huku na huku hasa kwenye makunjo na pale klampu inapokaa. Ufa ukiwepo mwanga unachungulia. Hii ni bora mara mia kuliko kupuliza breki klina au ile dawa ya kuwashia injini huku injini inanguruma, tafadhali usifanye hivyo kwenye dizeli, injini inaweza kushika hiyo dawa ikapanda mizunguko mpaka ipasuke na funguo haitaizima.

Hapohapo mdomo uko wazi shika shafti ya turbo kwa vidole. Kuyumba kidogo juu na chini kunaruhusiwa, ila bapa zisiguse nyumba yake, na ukisukuma kwenda mbele na nyuma usisikie kucheza. Ukikuta bapa zimelika au zinagusa, turbo inakuja kwenye hesabu pia, na usifunge turbo mpya kwenye hozi iliyoua ya zamani.

Filta: unanunua mpira na gundi kwanza, karatasi baadaye

Usiende dukani ukasema "nipe eya klina ya Scania" au "ya Howo", gari la jina moja linaweza kuwa na boksi tofauti kabisa kulingana na mwaka na nchi lilikotokea, na haya ya mtumba wakati mwingine boksi lilishabadilishwa. Nenda na filta ya zamani mkononi, au nenda na namba. Filta za hewa za Donaldson nyingi namba zake zinaanza na P, Fleetguard ni AF, Mann ni C na ile ndogo ya ndani ni CF, Sakura ni A. Ukiwa na namba ya mmoja muuzaji anayejua kazi atakupatia inayolingana ya mwingine, ila bado pima mwenyewe: urefu, kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu, na mpira wa mdomo unabana kwa ndani au kwa uso. Milimita 3 tu za tofauti kwenye tundu na vumbi linapita pembeni bila hata kugusa karatasi.

Sasa feki. Boksi usilitazame, boksi siku hizi la feki linang'aa kuliko la orijino. Toa filta, bonyeza mpira wa mdomoni kwa dole gumba. Mzuri ni laini, unabonyea na kurudi polepole, uso wake ni sawa mzunguko mzima. Mbaya ni mgumu kama soli ya kiatu, au una viputo, au kuna sehemu umekatika kidogo. Kisha mikunjo, iwe imesimama sawa, imeshikwa na mistari ya gundi isikutane, maana mikunjo ikilalana eneo hilo halichuji tena. Ukiilinganisha na ya zamani na ukaona mikunjo ni michache waziwazi, umepunjwa karatasi na itabana mapema. Mwisho ingiza tochi ndani uangalie kwa nje, mwanga uwe umefifia sawa kote, ukiona nukta zinang'aa kama nyota rudisha dukani. Iliyominywa kwenye bati pia rudisha, hata kama muuzaji anasema "hiyo ikifungwa inanyooka". Hainyooki.

Filta ndogo ya ndani watu wanaidharau sana, wengine wanaitoa kabisa ili gari "lipumue". Jamani, hiyo ndiyo inayokulinda siku ile kubwa ikipasuka au siku umefungua boksi njiani. Haipulizwi, haioshwi, inabadilishwa kila unapobadilisha kubwa mara ya tatu.

Zile filta za kuoshwa na kupakwa oili ziache, kwenye barabara zetu za vumbi hazifai, unataka karatasi.

Na usisahau ule mpira mdogo chini ya boksi, umebana kama mdomo wa bata, kazi yake ni kutema vumbi zito. Ukiwa umekauka ukabaki wazi unanyonya vumbi, ukiwa umeziba kwa matope boksi linajaa. Kununua ni hela ndogo mno, chukua mpya.

Hozi na klampu

Hozi ya upande wa kunyonya lazima iwe na mbavu au waya ndani, kwa sababu inavutwa. Ukifunga mpira laini utashangaa gari lina nguvu likiwa limesimama, ukikanyaga mlimani mpira unajibana wenyewe kama mrija wa soda. Hozi ya upande wa kusukuma kazi yake ni kinyume, inasukumwa kwa presha na joto, hewa ikitoka turbo inaweza kufika nyuzi 150 mpaka 200, hapo unataka silikoni ya tabaka nyingi, nne kwenda juu, na kwa bomba la moto iwe ile yenye utando wa ndani unaostahimili oili, maana silikoni ya kawaida na oili haviendani, inavimba na kulainika. Hozi ya rejeta ukiifunga hapo itavimba kama puto siku ya kwanza na siku ya pili itachomoka. Rangi isikudanganye, nyekundu, bluu, nyeusi, kila kiwanda kina mtindo wake.

Pima bomba kwa nje, ndicho kipenyo cha ndani cha hozi. Hapa kuna mtego wa inchi na milimita, inchi 4 ni milimita 102 na ukipewa hozi ya 100 mtaisukuma kwa nguvu mpaka itatuke, ukipewa ya 105 mtakaza klampu mpaka ijikunje na mkunjo huo ndo njia ya hewa.

Klampu ndo pale watu wanabana hela. Zile klipu za kukaza kwa bisibisi zenye matundu zinakata silikoni, meno yanazama kwenye mpira na baada ya miezi unakuta hozi imekatwa mduara mzima kama kwa wembe. Kwenye upande wa kusukuma tumia klampu pana za bolti na nati, au zile zenye springi ambazo zinafuata mpira ukitanuka na kusinyaa. Nunua mpya, ya zamani ikishavutwa imeshavutwa.

Kufunga, hatua kwa hatua

Anza na boksi. Futa vumbi la nje kwa kitambaa kibichi kabla hujafungua, halafu fungua kifuniko, vuta filta kubwa taratibu ukiitikisa kidogo pembeni ili ibanduke, usiigonge. Ile ndogo ya ndani iache palepale wakati unasafisha boksi, hiyo ndiyo mlango wako. Safisha kwa kitambaa chenye unyevu, usipulize upepo ndani ya boksi hata siku moja, vumbi linatafuta pa kwenda na linakwenda turbo. Futa vizuri ile sehemu mpira wa filta unapokaa, pitisha kidole, ukisikia chembe futa tena. Kama zamu ya ile ya ndani imefika ndo uitoe, mpya ikiwa tayari mkononi, toa weka, dakika moja.

Filta mpya isukume kwa viganja viwili kwenye ukingo, si katikati, mpaka usikie imekaa mwisho. Usipake grisi wala silikoni kwenye mpira, vumbi linagandia hapo na mpira unateleza. Kifuniko kiingie chenyewe kwa wepesi, kama klipsi zinahitaji kulazimishwa basi filta haijakaa, fungua urudie, watu wengi wanaitumia klipsi kusukuma filta na ndo inapinda. Mpira wa kutema vumbi uelekee chini. Andika kilomita na tarehe kwa maka peni kwenye kifuniko, kubwa, na ya ndani uandike pia ni zamu ya ngapi.

Hozi: safisha ule ukingo uliotuna kwenye mwisho wa bomba, ondoa mpira wa zamani uliogandia, kama kuna kutu piga msasa ukiwa umeziba bomba kwa kitambaa. Paka maji ya sabuni kidogo ikiwa ni ngumu kuingia, mafuta hapana. Isukume ipite ule ukingo, halafu klampu ikae nyuma ya ukingo, milimita 5 hivi kutoka mwisho wa hozi. Klampu ikikaa juu ya ukingo wenyewe itachomoka tu. Mabomba mawili yawe yanatazamana sawa kabla ya kukaza, hozi si ya kunyoosha bomba lililopinda, na kumbuka injini inatikisika na chasisi haitikisiki pamoja nayo, kwa hiyo acha hozi ipumue kidogo na isiguse feni wala ekzosti. Kaza kwa spana fupi na mkono mmoja, mpira ukianza kutokeza pembeni umezidisha.

Kama turbo ya zamani ilipasuka, intakula isirudishwe hivyohivyo. Ndani mna vipande vya bapa na oili. Ishushe, ioshe kwa dawa ya kuondoa mafuta, igeuze, ipulize, iache ikauke kabisa, na kama vipande vimenasa kwenye mirija ibadilishe. Oili ikibaki imetuama humo injini itainywa yote kwa mkupuo siku ya kwanza.

Gasketi ya manifodi iwe gasketi, usipake silikoni ya tyubu kwa ndani, ile inayotokeza inakatika inaingia kwenye valvu. Bolti kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa mizunguko miwili au mitatu. Sensa ya presha pale juu ya manifodi itoe, mara nyingi imejaa masizi, isafishe kwa dawa ya kusafishia umeme, irudishe na oringi nzima.

Kabla ya kufunga ile hozi ya mwisho ya mdomo wa turbo, hesabu vitambaa. Mliingia na vingapi, vipo vingapi. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, kitambaa au nati moja iliyosahaulika pale inamaliza kila kitu kabla hujafika getini.

Kujaribu

Upande wa kusukuma una kipimo chake. Unaziba midomo ya intakula kwa kofia zenye vali, kofia zifungwe kwa mnyororo maana zikichomoka ni kama risasi, na we usisimame mbele yake. Jaza upepo mpaka psi 30, funga, subiri sekunde 15. Ikishuka zaidi ya psi 5 kuna pa kutafuta, mwaga maji ya sabuni kwenye kila kiungo uone povu.

Baada ya hapo washa, sikiliza ikiwa silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, panda mizunguko kidogo, weka mkono karibu na viungo vya upande wa kusukuma, lakini mdomo wa turbo ukiwa wazi injini haiwashwi, hata kwa sekunde tano. Halafu mlima wenye mzigo, hapo ndo jibu. Safari ya kwanza ikiisha, injini ikiwa baridi, pitia klampu zote tena, silikoni mpya huwa inakaa kidogo na klampu inalegea.

Kuhusu kupuliza

Najua hali halisi, foleni Tunduma siku tatu, tandiboi anatoa eya klina anaipeleka kwa mtu wa matairi anaipuliza. Upepo wa matairi ni bar 8 au zaidi, karatasi la filta ukilipiga hivyo linatoboka matundu usiyoyaona kwa macho. Kama ni lazima kabisa, indiketa ni nyekundu na huna nyingine, basi isizidi bar 2, upulize kutoka ndani kwenda nje, bomba likae mbali na karatasi, kisha tochi ndani kabla ya kurudisha. Na usifungue boksi kila siku kwa sababu tu filta "inaonekana chafu". Filta yenye vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko ikiwa mpya kabisa, lile vumbi la juu linasaidia kukamata jingine, na kila ukifungua unaruhusu vumbi lidondoke upande msafi. Indiketa ikisema bado, ni bado.

Mimi gari la safari ndefu silitoi bila filta kubwa moja kwenye boksi lake nyuma ya kiti, klampu mbili za saizi ya bomba la moto, hozi moja ya hapo, na maka peni. Ukanda wa tyubu ya tairi pia, lakini dereva nimemwambia wazi: huo unafunga upande wa kusukuma tu, kwa ajili ya kufika gereji. Hozi ya kwenye mdomo wa turbo ikipasuka, anaegesha na kunipigia.